Aliye Juu ya Mti Naye ni Mfanyakazi

Wahenga walisema: aliye juu mngoje chini. Methali hii tumezoea kuitumia dhidi ya mtu aliyelewa cheo, ambaye siku moja atashuka na kutukuta pale pale alipotuacha. Lakini hapa Geita wapo watu ambao kwao maneno hayo si fumbo. Wako juu kwelikweli, mita kumi au kumi na tano kutoka ardhini, panga kiunoni na kamba ya katani begani, na wanaowangoja chini ni wake zao, watoto wao na wazazi wao. Hao hawawangoji kwa kisasi. Wanawangoja washuke salama, jioni warudi nyumbani na kilo mbili za unga.

Nawazungumzia wakata miti. Wala sikusudii wale wanaoingia katika hifadhi usiku kwa usiku kufyeka na kuchoma mkaa bila kibali. Hao wana sheria yao na mahakama yao. Nakusudia mafundi: mtu anayeitwa kupunguza matawi ya mwembe yaliyolalia bati la nyumba, kibarua anayesafisha njia ya nyaya za umeme, mwangushaji wa mikaratusi na misonobari katika mashamba ya miti, na yule anayekata magogo ambayo wachimbaji wetu wadogo huyapanga kuzunguka kuta za maduara yao na kuyaita matimba. Watu hawa tunawaona kila siku, na kwa kuwa tunawaona kila siku, tumeacha kuwatazama.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja la ajabu. Neno hilo ni mpasuaji. Anayepasua mbao msituni huitwa mpasuaji, na daktari anayepasua mwili wa mgonjwa hospitalini naye huitwa mpasuaji. Waingereza nao humwita mtu anayetibu na kupogoa miti mirefu kwa jina la daktari wa upasuaji, na huko kwao kazi hiyo ina mafunzo, ina vyeti na ina bima. Sisi tumewapa wote wawili jina moja, lakini heshima tumempa mmoja tu. Daktari haingii chumba cha upasuaji bila glavu na bila msaidizi. Mpasuaji wa miti tunamtaka apande kwa miguu mitupu, tena haraka, tena kwa bei ya kutupa.

Ndugu msomaji, sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Miaka michache iliyopita nyumbani kwangu palikuwa na mwembe mkubwa, na tawi lake moja lilikuwa limevuka paa la jiko. Nikamwita fundi mmoja, mtu mzima, Msukuma wa hapa hapa, aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Akauzunguka mti mara mbili, akagonga shina kwa mgongo wa shoka, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mzee, usiku mvua imenyesha na gome linateleza. Nitakuja keshokutwa, na nitakuja na wenzangu wawili wa kushika kamba." Akataja bei. Nikaona ni nyingi, nikamshusha mara tatu, naye kila mara akatikisa kichwa kwa adabu. Mwishoni akasema, "Sawa, mzee, basi nitakuachia," akaondoka.

Saa ile ile nikampata kijana aliyekubali theluthi ya bei ile. Alikuja peke yake. Sikumwuliza kamba iko wapi, sikumwuliza nani atasimama chini. Alikata tawi kutoka upande wa juu tu. Lilipokatika nusu, likachanika na gome lake, likayumba na kulipiga shina alilokuwa ameegemea. Kijana akaanguka. Mwenyezi Mungu alimnusuru roho, lakini mguu ulivunjika mahali pawili. Nilimlipia gari la kumfikisha hospitali, nikampa na fedha ya dawa, nikarudi nyumbani nikijiona mkarimu. Ilinichukua siku nyingi kutambua kwamba ukarimu ule ulikuwa ni sehemu ndogo tu ya fedha niliyoiokoa kwa kumkataa fundi wa kwanza. Miezi ile yote ambayo kijana hakuweza kufanya kazi ililipwa na mama yake.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Jina lile peke yake latosha kuwa somo. Kujisahihisha hakuanzi kwa jirani. Kwa hiyo naianza makala hii kwa kukiri kwamba katika ajali ile nilikuwamo, na kwamba yamkini wasomaji wengi wa ukurasa huu wamo pamoja nami.

Turudi nyuma kidogo katika historia, maana kanda hii yetu imejengwa kwa shoka. Tangu miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza, wananchi wa Shinyanga walikusanywa kwa maelfu kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o aliyekuwa akiua ng'ombe na kuwaletea watu malale. Baada ya mwaka 1947, kwa mpango wa maendeleo ya Usukuma, pori la Geita nalo likafunguliwa kwa makazi ya watu na mifugo. Katikati ya hayo ulikuwapo mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Nani asiyejua kwamba mashimo ya migodi hula miti kama jiko lilavyo kuni?

Ufyekaji ule ulipita kiasi. Shinyanga ikageuka nchi ya vumbi, hata mwaka 1986 ikabidi Serikali ianzishe mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, na wananchi wakarejea desturi yao ya kale ya kutenga ngitili ili majani na miti ipumzike. Ngitili zile zimerudisha kijani katika maeneo mengi, nalo ni jambo la kujivunia. Lakini angalia: historia yetu imehesabu ekari zilizofyekwa, imehesabu ng'ombe waliopona na miti iliyopandwa. Waliovunjika migongo chini ya magogo hawakuhesabiwa. Wengine ni babu zetu.

Leo dhahabu imeifanya Geita kuwa mkoa tangu mwaka 2012, na mji unakua kwa kasi. Mji ukikua, nyumba huifuata miti na nyaya huzifuata nyumba. Njia kuu ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 imefika Geita kutoka Bulyanhulu, na nyaya ndogo zimesambaa hadi vijijini. Chini ya kila waya lazima miti ipunguzwe, na anayeipunguza ni binadamu.

Nako kwenye maduara, usalama wa mchimbaji huanzia msituni. Sote tunakumbuka Januari 2017, wachimbaji 15 walipofukiwa huko Nyarugusu na kutolewa wakiwa hai baada ya siku tatu hivi. Taifa zima lilikuwa limetega sikio redioni, na furaha ilikuwa kubwa. Ni haki iwe hivyo, kwani roho ya mtu haina bei. Lakini aliyekata magogo yanayozuia kuta za maduara yasiporomoke, naye akiangukiwa na mti porini akiwa peke yake, hakuna redio inayokesha kwa ajili yake. Habari zake huishia kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwenye msiba wa mtaa.

Sasa tuitazame hatari yenyewe kwa akili tulivu, bila kutia chumvi. Mtu akianguka kutoka urefu wa mita 10, hufika ardhini katika muda usiotimia sekunde moja na nusu, na hugonga ardhi kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na gari barabarani. Akianguka kutoka mita tano tu, mwendo wake ni kama kilomita 36 kwa saa. Kwa hiyo mwenye nyumba asemaye "mti wenyewe mfupi" hajapiga hesabu.

Hatari ya pili ni uzito. Gogo bichi la mkaratusi lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita mbili huzidi kilo mia moja. Kitu kama hicho hakidakwi kwa mkono wala hakisukumwi kwa bega. Mti unapoangushwa, aghalabu haumwui mkataji kwa kumlalia. Humwua kwa njia nyingine: tawi kavu lililonasa juu hudondoka kwa mtikisiko, au mti ulioinama hupasuka kwenda juu kabla haujakatika, na kipande chake kikarudi nyuma kama teke la punda, au mti ukaegemea mwenzake usianguke, na mtu kwa kukosa subira akaingia chini yake.

Ya tatu ni umeme. Wapo wanaoamini kwamba mti hauna hatari kwa sababu si chuma. Mti mbichi una maji ndani yake, na maji yale yenye chumvichumvi za ardhi hupitisha umeme. Tawi likigusa waya, aliyelishika amegusa waya.

Ya nne ni msumeno wa mnyororo, ambao vijana wetu huuita chensoo. Chombo hiki kimeondoa jasho jingi, lakini kimeleta balaa lake. Mnyororo wake hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde moja. Ncha ya juu ya lile bapa la chuma linalobeba mnyororo ikigusa mti kwa ghafla, chombo chote huruka nyuma kuelekea uso na shingo ya mtumiaji, na hakuna mkono wenye wepesi wa kukiwahi. Kelele zake hupita desibeli 100. Wataalamu wa afya husema kwamba sikio lisilo na kinga haliwezi kuvumilia kelele za kiwango hicho zaidi ya robo saa kwa siku bila kudhurika. Mtetemo wake nao, baada ya miaka, huharibu mishipa ya vidole, hata vikafa ganzi na kupauka. Mzee asiyesikia akisalimiwa, na asiyeweza kufunga kifungo cha shati lake, huenda hakurogwa na mtu. Alikata miti miaka ishirini bila kinga.

Je, mambo haya ni majaliwa yasiyozuilika? La, hasha. Majaliwa hayamkatazi mtu kufunga kamba. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1998 mwongozo wake wa usalama katika kazi za misitu, na mafundisho yake makuu hayahitaji utajiri. Kabla ya kukata, mtu auzunguke mti na kuutazama umeinamia wapi na una matawi gani makavu. Asiyehusika na kuuangusha asikae karibu kuliko mara mbili ya urefu wa mti wenyewe. Mkataji asafishe njia ya kukimbilia, nyuma na kwa pembeni, kabla hajagusa shoka. Akate kwanza mdomo upande ambao mti utaangukia, kisha akate kutoka nyuma, na abakize katikati ukanda wa mti usiokatwa ufanye kazi ya bawaba, ili mti ushuke kwa utaratibu kama mlango unaofungwa. Tawi zito likatwe kwanza kidogo kutoka chini, ndipo likatwe kutoka juu, gome lisichanike. Laiti kijana yule wa kwangu angefundishwa jambo hili moja tu, angeshuka kwa miguu yake. Tena hapa maslahi ya mtu na ya mti ni mamoja: jeraha safi la mti hufunga lenyewe, bali gome lililochanika hukaribisha uozo, na mti uliooza ndani ndio utakaomwua mkweaji wa kesho.

Kuna hoja mbili ninazozisikia kila mara. Ya kwanza ni kwamba watu wetu wamezoea kupanda miti tangu utotoni. Ni kweli, na ustadi wao si wa kubezwa. Lakini hata mkwezi wa minazi kule pwani, ambaye amezaliwa akiuona mnazi, hutumia kamba miguuni na katika baadhi ya mahali huchonga vidato katika shina. Mazoea yake ndiyo yaliyomfundisha tahadhari. Hapa kwetu mazoea tunayageuza kuwa sababu ya kuiacha.

Hoja ya pili ni kwamba vifaa ni ghali. Kofia ngumu, mkanda wa usalama, kamba madhubuti, miwani, kinga ya masikio, viatu vya kazi: ni kweli kwamba kibarua wa siku moja hawezi kununua vyote. Lakini swali la haki si kama kibarua anaweza kuvinunua. Swali ni nani anayepaswa kuvinunua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imekwisha kulijibu: jukumu la kumpa mfanyakazi vifaa vya kumkinga ni la mwajiri. Sheria hiyo hiyo inawalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya madhara ya kazi inayofanyika, yaani mpita njia na mtoto wa jirani nao wamo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wenye dhamana ya kuisimamia.

Hali kadhalika ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Huu ni ushindi mkubwa wa wafanyakazi wa nchi hii. Ila mlango wa ushindi huo una kitasa, na kitasa hicho ni uthibitisho wa ajira. Mtu aliyechukuliwa asubuhi kijiweni, asiyeandikwa popote, aliyelipwa mkononi na msimamizi ambaye naye alipewa kazi na mkandarasi mwingine, atathibitishaje mbele ya wakubwa kwamba siku ile alikuwa kazini? Akiumia, kila mmoja husema, "Mimi simjui." Hapa ndipo palipo kiini cha tatizo letu. Kamba na kofia zinaweza kununuliwa. Mtu asiye na jina katika daftari hawezi kulindwa na sheria yoyote, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa hiyo yafaa tufanye nini? Kwanza, kila mkandarasi anayepewa kazi ya kusafisha njia za umeme, barabara au viwanja vya majengo ya umma, alazimishwe katika mkataba wake kuonyesha orodha ya majina ya vibarua wake, pamoja na vifaa vyao, kabla ya kulipwa senti ya kwanza. Halmashauri zetu zina uwezo huo. Pili, mashamba ya miti ya Serikali yaliyo karibu nasi, kama Buhindi huko Sengerema na Silayo huko Chato, yawe pia shule za vitendo kwa vijana wa vijiji vinavyoyazunguka. Tatu, VETA, ambayo inao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iwafikie mafundi hawa kama ilivyowafikia waashi na mafundi magari. Yule mzee aliyegonga mwembe wangu kwa mgongo wa shoka anastahili cheti, tena anastahili kuwa mwalimu.

Nne, mafundi wenyewe wajiunge. Mmoja mmoja atashushwa bei kila siku, kwani njaa ya mwenzake ndiyo fimbo ya kumchapia. Lakini kikundi cha watu kumi kinaweza kukubaliana bei ya chini, kinaweza kumiliki kamba na mikanda kwa pamoja, na hakitampandisha mtu mtini bila mwenzake wa chini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kama mkopo huo unaweza kununua bodaboda, unaweza pia kununua kamba inayookoa roho.

Tano, tujifunze kumhudumia aliyeanguka. Desturi yetu ya kumnyanyua majeruhi kwa mikono na miguu kama gunia la mahindi imewalemaza watu ambao mti haukuwalemaza. Aliyeanguka kutoka juu adhaniwe kuwa ameumia uti wa mgongo mpaka daktari aseme vinginevyo; alazwe juu ya ubao au mlango, shingo isigeuzwe. Zamani tulikuwa na udhuru kwamba safari ya Bugando ilikwamia kwenye kivuko. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na udhuru huo umekwisha. Lakini daraja halimsaidii mtu aliyeharibiwa kabla ya kufika barabarani.

Na sita, sisi wenye nyumba na wenye miti. Kama kuna waya karibu, tusimpandishe mtu kabla TANESCO hawajaarifiwa. Kama mvua imenyesha, tungoje. Tumwulize fundi kamba yake iko wapi na msaidizi wake ni nani, na kama hana, tuiongeze gharama hiyo katika bei badala ya kuipunguza. Anayekataa kupanda kwa sababu mti unateleza ndiye fundi. Tusimfukuze kwa ajili ya asiyejua kukataa.

Kijana wangu yule alipona, ila anachechemea. Sasa anauza vocha na soda karibu na stendi, na nikipita hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo mzee," bila chuki yoyote. Huo mwembe bado upo, na mwaka huu umezaa sana. Tawi jipya limeanza kulielekea paa la jiko. Nimemtafuta yule fundi mtu mzima, nikamkuta, na safari hii hatukubishana juu ya bei. Ameniambia atakuja mvua ikikatika, na kwamba watakuwa watatu. Nimemjibu kwamba nitangoja.